Santora Isiyo na Nyuma

Kama umepita Kitale miezi hii, basi umeliona lile bango, kwa sababu wameliweka mahali ambapo hata aliyefumba macho atagongana nalo. Ni refu kuliko paa la duka lililo chini yake. Lina kigari chekundu, kifupi, mviringo kama kiatu cha mtoto, na kando yake msichana amesimama akicheka na funguo mkononi. Juu wameandika kwa herufi kubwa: SANTORA IMERUDI. Chini yake: Sasa ni yako peke yako.

Siku nilipoliona mara ya kwanza nilikuwa natoka sokoni na kikapu cha sukuma wiki na omena. Nilisimama katikati ya njia mdomo wazi. Mwenye mkokoteni nyuma yangu akaniambia, "Mathe, songa, si unaona nimebeba mzigo?" Nikasonga, lakini nilisonga na hasira ambayo mpaka leo haijaniisha vizuri. Watu huniuliza inakuwaje mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mwenye wajukuu, akosane na bango. Basi keti nikueleze, na ukiona nimepandisha sauti ujue si kwako.

Santora ninayoijua mimi ilikuwa ya baba yangu. Ilikuwa gari refu, la yale ambayo paa lake linakwenda moja kwa moja mpaka mlango wa nyuma, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Baba aliinunua kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama shamba, akaileta Kiminini siku ya Jumamosi, na kabla hajazima injini uwanja ulikuwa umejaa watu. Ilikuwa na kiti cha mbele, kiti cha kati, na nyuma ya hapo nafasi kubwa yenye kibenchi kilichotazama kinyume, hivi kwamba aliyekaa pale aliona barabara ikikimbia kurudi tulikotoka. Kibenchi hicho kilikunjwa kikiwa hakitakiwi, na pale palipobaki ungeweza kulaza mtu mzima akanyoosha miguu.

Nikifumba macho nausikia mnuko wake sasa hivi: petroli, vumbi la mahindi, ndizi zilizoiva kupita kiasi, na manyoya ya kuku yaliyolowa. Viti vilikuwa vya plastiki nyeusi vilivyoshika jua mpaka vikakuunguza mapaja, na ukiinuka ngozi ililia kama karatasi inayobanduliwa. Asubuhi za baridi haikuwaka. Ilikohoa mara tatu ikanyamaza, na sisi watoto tukatoka na uji bado midomoni, tukaisukuma mpaka mteremko wa kwa jirani. Jumamosi tuliiosha. Mimi nilipewa matope ya chini ya tairi, niyatoe kwa kijiti, kazi ambayo kaka zangu waliikwepa kwa kujitia hamnazo. Wao walikuwa wanafundishwa kushika usukani.

Ilipofika siku hiyo ya kwanza, nyanya yangu, mama yake baba, aliizunguka taratibu. Alikuwa mwanamke aliyetoka Nyeri na jembe moja na watoto wanne, hakushtuliwa na vitu. Alilitemea mate kidogo boneti, yale mate ya baraka wanayotemewa watoto kifuani, akauliza inaitwaje. Baba akamwambia. Nyanya akalirudia jina mara mbili, akasema, "Sawa. Nimeijua. Sasa ifanye kazi ya jina lake." Pasta alipokuja kesho yake kuiombea na kupaka tairi mafuta, alikuta imeshabarikiwa.

Nataka uelewe jambo hili la majina, maana ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Kwetu jina haliokotwi. Mimi ni msichana wa kwanza, kwa hiyo niliitwa kwa jina la nyanya huyo huyo, na jina hilo lilikuja na mzigo wake. Nikichelewa kuamka, naambiwa mwenye jina hili hajawahi kukutwa na jua kitandani. Nikimnyima mtoto wa jirani kipande cha muhogo, naambiwa mwenye jina hili amewalisha watu wakati wa njaa. Baba mwenyewe aliniita "mama", hakuthubutu kunitukana, lakini alinidai kazi kama mtu mzima. Upande wa mama yangu, huko Bungoma, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee walikuwa wakimtajia majina ya waliokufa mmoja mmoja mpaka anyamaze, ndipo wajue ni nani anayetaka kuitwa. Na jina la mtu aliyekuwa mwizi au mchoyo halikutajwa kabisa, hata mtoto alie mpaka apasuke. Jina lilitolewa kwa hofu, na aliyepewa alijua anadaiwa nini.

Na Santora ililipa deni la jina lake. Kiminini wakati huo mwenye gari hakuwa na gari lake. Mwanamke akishikwa na uchungu, mume wake haulizi kama baba ana nafasi, anakuja na blanketi. Mtu akifia hospitali ya Kitale, jeneza linalala nyuma kwenye Santora na waombolezaji wanakaa kando yake. Ilibeba maharusi. Ilibeba ng'ombe mgonjwa mara moja, akatoboa paa kwa pembe, na tundu lile lilizibwa kwa sabuni miaka yote. Ilibeba mkaa, walimu, watoto wa kipaimara na tarumbeta za kanisa. Ungewauliza watu wa pale ni gari la nani, wangekwambia ni letu.

Kila Desemba tulikwenda nayo Bungoma, kwa mama yake mama. Mbele alikaa baba, na kando yake mzee wa kanisa aliyekuwa na shamba kule na aliyeomba lifti kila mwaka bila kukosa. Safari ilikuwa ya kuimba mpaka sauti zikauke. Tulinunua miwa njiani, tukatafuna na kutema maganda dirishani, na tulipofika nyanya wa Bungoma alikuwa ametupikia kuku na ugali wa wimbi, na chungu cha mboga za kunde zilizolazwa na maziwa.

Lakini nyanya wa Bungoma hakutoka kutulaki. Yeye na baba walikuwa mtu na mama mkwe wake, na kwa watu wa mama yangu hao hawasogeleani. Hawashikani mikono. Hawali chumba kimoja. Wakikutana kijiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Baba alikuwa Mkikuyu wa watu, mcheshi, anayemchangamkia hata mbwa wa jirani, lakini akiingia boma lile alitembea akitazama vidole vyake vya miguu. Sisi watoto tuliona ni mchezo. Tulikuwa tunapeleleza nani ataonekana na nani.

Mwaka mmoja tulipokuwa pale, nyanya aliugua. Homa ya mapafu, tulivyokuja kuambiwa. Kwa siku mbili alikohoa ndani, siku ya tatu akashindwa kumeza maji. Hospitali ilikuwa mbali, mvua ilikuwa imeharibu njia, na gari lililokuwepo kijiji kizima lilikuwa moja, nalo lilikuwa la mkwe wake.

Wanaume walikusanyika karibu na zizi wakaanza kubishana. Mjomba wangu mkubwa alisema tungoje trekta la kubeba miwa lipite. Mwingine akasema trekta lenyewe limekwama tangu juzi. Mwingine akauliza kwani shemeji atawezaje kuendesha gari ambalo nyuma kuna mama mkwe anayepumua. Baba alisimama mbali, mikono mfukoni, hakusema neno kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kusema. Mama yangu naye alikuwa analia kwa hasira mlangoni. Nakumbuka vizuri kuwa ilikuwa hasira, haikuwa huzuni.

Mama mdogo ndiye aliyemaliza maneno. Alitoka ndani na leso mbili na pini za nepi, akaingia ndani ya Santora bila kumwomba mtu, akazifunga leso darini, dirisha kwa dirisha, nyuma ya kiti cha kati, mpaka gari likawa vyumba viwili. Akakunja kibenchi, akatandika godoro. Kisha akawaambia wanaume wote wageuke. Wakageuka, baba pia, wakatazama mahindi, na wanawake wakamtoa nyanya wamembeba mikononi, wakamlaza. Mama akaingia kando yake. Mimi nikawekwa kiti cha kati, kazi yangu kushika ukingo wa leso ili upepo usiiinue.

Baba alipoingia, kitu cha kwanza alichofanya ni kukigeuza kile kioo cha kuonea nyuma kikatazama dari.

Nilikuwa na miaka tisa, na niliwaona wote wawili. Mbele niliona shingo ya baba ikitiririka jasho ingawa kulikuwa na baridi. Nyuma, kwa upenyo wa leso, niliona mguu wa nyanya na ile bangili yake ya shaba. Nao walikuwa wanaongea kupitia kwangu.

"Mwambie huyo anayeendesha," nyanya alisema kwa sauti iliyokatika, "hapa kuna shimo. Mimi nalijua. Apite kulia."

"Baba, pita kulia kuna shimo."

"Mwambie mama nimesikia," baba akasema. "Mwambie asiwe na wasiwasi, tunakaribia lami."

"Nyanya, tunakaribia lami."

Walikuwa wanasikiana kila neno, rafiki yangu, lakini walinisubiri niseme. Safari ya saa mbili, sikuachia leso ile hata nilipokufa ganzi mikono. Tulifika Bungoma mjini, wauguzi wakampokea, akapona. Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Desemba iliyofuata alituma kuku jike mweupe afungwe kwenye bampa ya Santora. Alisema kuku huyo si wa mtu, ni wa gari. Baba alimfuga mpaka akafa kwa uzee, hakuna aliyethubutu kumchinja.

Santora ilichukuliwa na watu wa vyuma vikuukuu nilipokuwa shule ya bweni. Nilirudi likizo nikakuta doa la mafuta mahali ilipokuwa ikisimama, na nyasi zikakataa kuota hapo. Baba alikufa. Nyanya zangu wote wawili walikufa. Mama yangu alibaki Kiminini peke yake na ng'ombe mmoja, na mimi nikaolewa, nikahamia Tuwan, hapo hapo Kitale.

Sasa nikurudishe kwenye bango.

Mama ana ugonjwa wa sukari. Mwaka jana alipata kidonda mguuni, chini ya kidole gumba, kidogo tu, akakificha kwenye soksi mpaka kikanuka. Daktari anayejua vidonda hivyo yuko Bungoma, akasema mama apelekwe kusafishwa kila wiki, na njiani mguu ukae umenyooshwa, usikanyagwe, usining'inie. Ukikosa wiki mbili tatu, akasema, tutaanza kukata. Alisema hivyo mbele ya mama. Mama aliitikia kwa kichwa kana kwamba anaambiwa habari za mtu mwingine.

Ndugu zangu wako mbali. Kwa hiyo ni mimi na mume wangu. Na mume wangu, mwalimu mstaafu, mtu mwema anayependa kunishtukiza na zawadi, alikuwa amenisikia miaka thelathini nikisimulia Santora. Akaja nyumbani alasiri moja akapiga honi langoni. Nikatoka nikakuta kile kigari chekundu cha kwenye bango, kimefungwa utepe.

"Mama watoto, si nilikuambia siku moja utapanda Santora tena?"

Nilicheka kwa sababu ya uso wake, kisha nikalizunguka kama nyanya alivyofanya. Hatua sita nikawa nimerudi nilipoanzia. Lilikuwa na kiti cha mbele, kiti cha nyuma kilichogusana nacho, na baada ya hapo mlango. Jina lile lile, limeandikwa kwa chuma kinachong'aa, mwandiko ule ule uliolala upande. Wameiga mpaka ule mkia wa herufi ya mwisho.

Jumanne yake tukaenda Kiminini kumchukua mama. Alitoka na fimbo yake, amevaa gauni la kanisa na leso mbili kiunoni, akasimama mbele ya gari, akalitazama, akaenda nyuma yake, akarudi.

"Nyuma yake iko wapi?" akaniuliza.

"Hiyo ndiyo yote, mama."

"Nitakaa wapi?"

"Hapo nyuma ya dereva. Utanyoosha mguu kwa kiti."

Alitazama kile kiti, akatazama kisogo cha mkwe wake kwenye usukani, karibu kiasi cha mkono kukifikia, akatikisa kichwa. "Mimi siingii kwa hii gali. Mimi na yeye tutapumuliana."

Mume wangu, ambaye kwao Kachibora mambo haya hayana uzito tena, alijaribu kucheka. "Kwani mimi nanuka, jamani?"

"Mwambie hanuki," mama akaniambia mimi, macho chini. "Mwambie ni heshima tu. Mwambie asante."

Yeye amekaa pale pale kwenye usukani, anasikia yote. Nilijua nilichotakiwa kufanya. Nilitakiwa kugeuka nimwambie mume wangu, "Mama anasema asante." Badala yake nilimpigia mama kelele. Nilimwambia ati hayo ni mambo ya zamani, yatamkata mguu, watu wameshafika mwezini na yeye anaogopa kisogo. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi mbele ya mkwe wake na mbele ya majirani waliokuwa wanachungulia uani. Aliningoja nimalize, akaingia ndani akafunga mlango.

Wiki hiyo hakwenda. Wiki iliyofuata hakwenda. Nilipanga kumpeleka kwa gari la abiria, tukajaribu, na kabla hatujafika Webuye mtu alikuwa amemkanyaga kile kidole, akazimia. Nikamwambia mume wangu ampe kijana wa jirani funguo, kijana mwenye leseni na adabu zake, ampeleke mama. Mume wangu akanitazama kama nimemwomba figo. "Gari mpya hivi? Bana, hiyo siwezi." Sasa ni yako peke yako. Aliyeandika yale maneno alimjua mume wangu kuliko nilivyomjua mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kulitukana bango kila nikipita. Nililitukana kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa lugha ya mama. Hasira hasara, najua, usiniambie. Lakini fikiria ujinga wenyewe. Wamechukua jina lililobeba wagonjwa, jina ambalo ndani yake mtu na mama mkwe wake waliweza kukaa safari nzima bila kuvunjiana heshima, wakalikata mgongo, wakaacha kazi yake yote kule ilikokuwa, wakatuuzia kichwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kinajitembeza juu ya bango la urefu wa nyumba. Nilikwenda hata dukani kwao kuwaambia. Kijana mwenye tai alinisikiliza kwa adabu, akafungua mlango wa nyuma akanionyesha pale mahali. "Lakini mathe, shopping yako yote itaingia hapa." Nikamwuliza kama mama yangu ataingia. Akacheka, akadhani ni mzaha.

Wiki ya nne jirani wa mama alinipigia simu kwamba kidonda kinanuka tena. Tulimpeleka kwa pikapu ya kukodi, amelala nyuma juani, nikimkinga kwa mwavuli. Walikata vidole viwili.

Alipozinduka nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, na sikuwa nalia kama binti, nilikuwa nafoka. Nilimsimulia yote: watu wa bango, kijana wa tai, mume wangu na funguo zake, jinsi walivyoiharibu Santora. Aliniacha niseme. Alikuwa na kiu, nikampa maji, akanywa kidogo.

"Wewe umekasirikia watu wengi," akasema. "Na mkono yako inafanya kazi gani?"

"Mikono yangu?"

"Hiyo gali si ni ya bwana yako? Si iko hapo nyumbani? Nilikuwa nangoja mtu atasema wewe uendeshe. Nikangoja, nikangoja. Hata wewe hukusema."

Nikwambie ukweli. Wiki nne sote tulikuwa tumepiga kelele juu ya mahali mama atakapokaa, na hakuna hata mmoja aliyewaza kumtoa mume wangu kwenye kile kiti. Baba aliwafundisha kaka zangu wote wawili kuendesha kabla hawajaota ndevu. Mimi nilipewa kijiti nitoe matope, na leso niishike. Na miaka yote nilikuwa nimejisifia ile leso.

Nilijiandikisha shule ya udereva hapo Kitale, darasa limejaa vijana walioniita "cucu", yaani nyanya kwa Kikuyu, na kunipisha foleni. Nilizima injini mara nyingi nikaacha kuhesabu. Mume wangu alinitazama kibarazani akiwa amejishika kichwa, lakini siku nilipopata leseni alikuja mwenyewe akaniwekea funguo mezani kando ya chai. Akasema, "Usiigonge tu." Nikamwambia nikiigonga ataizoea. Baadaye aliniambia kwamba alipoambiwa habari za vile vidole alishindwa kula siku mbili. Hilo nililijua, nilikuwa nimeona sahani.

Jumanne ya kwanza niliendesha peke yangu mpaka Kiminini, polepole mpaka boda zikanipigia honi. Mama alikuwa tayari, mguu umefungwa bendeji nyeupe, na moja kwa moja akaenda kufungua mlango wa nyuma.

"Hapana, mama. Njoo mbele. Kiti kinarudi nyuma, utanyoosha mguu."

Alisita. "Hapo mbele?"

"Hapo."

Ilimchukua muda kuingia. Nilimfunga mkanda, akaushika kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Tukatoka. Nilikaza macho barabarani, nikiogopa malori. Mahindi mashambani yalikuwa yamefika kiunoni. Tulipokaribia Webuye na vile vilima vikatokea mbele yetu, vyote kwa pamoja, nilimsikia akivuta pumzi nikafikiri ni mguu.

"Ni nini, mama? Unauma?"

"Hapana," akasema. "Hii njia sijawahi kuiona kutoka mbele."

Nikaendelea kuendesha. Nilizipitia kichwani Desemba zote, mazishi yote, harusi zote, nikimtafuta mama ndani ya Santora yangu nzuri, na kila nilipompata alikuwa kwenye kile kibenchi, kuku miguuni, mtoto mapajani, anatazama tulikotoka. Mbele alikaa mzee wa kanisa ambaye hata hakuwa wa ukoo wetu. Hakuna leso iliyomzuia mama asikae pale, na wala baba hakuwa mkwe wake. Alikuwa mume wake. Gari lile nililolililia miaka yote, na ambalo kwa ajili yake nimewatukana watu nisiowajua, mama yangu hakuwahi kulipanda. Alipakiwa.

Bango bado lipo, nami bado ninalitukana, maana jina bado wamelichukua bila kazi yake na hilo sitawasamehe. Lakini sasa nikimaliza kulitukana kuna mwingine ninayemgeukia. Baba alikuwa mtu mwema, kila mtu wa Kiminini atakwambia, na alikufa bila mimi kumwuliza kwa nini hata siku moja hakumwambia mke wake aje akae mbele. Ningempata leo ningemwuliza, na nisingemwuliza kwa upole.